Barua kwa mwanangu: kabla hujaleta hilo jibwa nyumbani

Mwanangu mpendwa, assalaam aleikum.

Ile voice yako ya jana nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho na mamako, na kila tukifika pale unaposema baba nataka mbwa mkubwa kabisa mwizi akimuona tu arudi, mamako ananitazama mimi kana kwamba ndio nimekutuma. Sikukatazi. Wale waliokuvunjia jiko wakabeba mtungi wa gesi nanyi mmelala ndani na watoto, wallahi imeniuma, usingizi sipati vizuri tangu siku ile. Lakini hao mbwa watatu ulionitumia picha si sawasawa hata kidogo, na mimi mbwa mkubwa nishaishi naye, wewe ulikuwa mdogo labda hukumbuki.

Miaka ile nafanya bustani kwa Mtaliano kule Casuarina kulikuwa na Great Dane, dume, akisimama mgongo unanikaribia kiunoni. Mpole ajabu, kuku walikuwa wanapita mbele yake. Basi jioni moja kapewa chakula chote mara moja, alafu watoto wa tajiri wakatoka nae mbio ufuoni. Kurudi akawa hatulii, anataka kutapika hatapiki, mate yanamtiririka, tumbo limejaa kama ngoma. Mimi nikasema kashiba huyo, nikaenda zangu kulala. Kumbe tumbo limejipinda ndani, na hawa wakubwa wenye kifua kirefu ndio ugonjwa wao huo, dawa yake ni upasuaji na ni ndani ya masaa machache tu. Alfajiri nimemkuta kashakauka. Nilimzika mwenyewe chini ya mvinje na mpaka leo nikipita njia ile namkumbuka. Kwa hiyo mbwa yeyote utakaechukua umlishe kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku, asikimbizwe akishakula, na ukiona dalili zile usingoje kukuche. Huyo Dane mwenyewe simtaki kwako, wengi wao miaka 7 mpaka 10 wanaondoka, wajukuu watalia.

Yule wa Caucasus mwenye manyoya kama simba muondoe kabisa. Kwao ni milima na theluji. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na hapa Malindi mwezi wa tatu kaskazi inapoisha hewa imejaa maji hata sisi twahema. Utakuwa unamtesa kiumbe cha Mungu.

Sasa Kangal. Huyu nampenda, nakwambia kweli. Ni wa Uturuki, upande wa Sivas, dume anafika kilo 50 hadi 65 na kazi yake ni kulinda kondoo wasiliwe na mbwa mwitu. Kule Namibia tangu 1994 wafugaji wanapewa mbwa wa ukoo huohuo walinde mbuzi, mbwa akibweka tu duma anaenda zake na mfugaji hana haja ya kumpiga risasi, yani mbwa kaokoa mbuzi na duma pia. Ungekuwa na mbuzi 40 kule Ganda ningekwambia mchukue leo. Lakini joto la Namibia ni kavu, si hili letu, na isitoshe huyu kazaliwa kukaa na mifugo peke yake na kuamua mwenyewe, hangoji amri yako.

Na hapo ndipo roho yangu inapokwama mwanangu, nyumba yetu ni nyumba ya hodi. Shangazi yako anapiga hodi huku kashaingia. Watoto wa chuoni wanapita, muuza samaki, yule wa mkokoteni wa maji, jirani anataka chumvi. Mbwa hajui hodi. Kilo 60 zikimrukia bibi wa watu sabini na kitu utamwambia nini?

Kwa hiyo mimi nasema Boerboel, wa Afrika Kusini, na uchukue jike. Nywele fupi, joto analivumilia kuliko hao wengine japo kivuli na maji lazima, na hupenda kuwa karibu na watu wake. Dume anaweza kupita kilo 70, jike anapungua kidogo. Mchukue wa miezi miwili kisha usimfiche, hizo wiki za mwanzo mpaka kama wiki 14 ndio anasoma dunia, kila anaepiga hodi kwako amuone, amnuse, azoee kanzu na buibui na punda na mkokoteni. Usimkimbize wala kumrusha ngazi mpaka apite mwaka na nusu, mifupa yao inachelewa kukomaa. Chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu alafu kila mwaka, na kupe umkague kwa mkono, huku pwani kupe wanaua mbwa. Na yule mdogo wetu asiachwe peke yake na mbwa, hata kwa wema tu anaweza kumwangusha.

Mamako wasiwasi wake ni utwahara. Nimemwambia mbwa wa kulinda mifugo na shamba ametajwa, lakini ndani haingii, banda lake nje, na chombo chake kiwe chake, mate yakigusa chombo chenu mnajua ni mara saba na moja kwa udongo. Mengine umuulize sheikh wenu.

Kitu kimoja kabla ya mbwa, fanya geti mbili. Mgeni aingie ya kwanza apige hodi pale, mbwa awe nyuma ya ya pili. Nipimie kutoka ukutani mpaka kwenye mwarobaini unitumie leo jioni, fundi wangu ana mabati yamebaki, Jumamosi tunakuja nae. Na pesa ya mbwa usimtumie mtu bado.

Babako.