Wauzaji wa tulipu watuambie ukweli

Mhariri,

Nawaomba wauza maua wa Nakuru wawaeleze wateja kuhusu tulipu kabla ya kupokea pesa. Mwaka jana nilinunua matunguu 20 ya tulipu, yaani vitunguu vyake vya kupanda, nikayapanda siku hiyo hiyo kwangu Lanet. Yakatoa majani mapana, lakini ua hata moja sikuliona. Niliumia sana, kwani yalikuwa ya kaburi la mama.

Tunguu la tulipu lisipokaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 9 kwa wiki 12 hadi 16, halichanui vizuri. Baridi yetu ya Julai haitoshi. Safari hii niliyaweka kwenye friji ndani ya mfuko wa karatasi, mbali na ndizi na maembe, maana gesi ya matunda yanayoiva huua ua likiwa bado ndani ya tunguu. Kisha nikayafukia sentimita 15, ncha juu, mahali pasipotuama maji. Juzi moja limechanua, jekundu! Jioni hujifunga kama ngumi ya mtoto mchanga.

Na tafadhali, msiyakate majani yakiwa mabichi. Ngojeni yakauke, kwani ndiyo yanayolisha tunguu.

Mpenda maua,
Lanet, Nakuru