Baiskeli ya kwenda kazini Mbeya ifungwe kwa ajili ya milima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipoanza kwenda kazini kwa baiskeli miaka sita iliyopita. Ninaishi Uyole na ninafundisha mjini, karibu na Uhindini, umbali wa kilomita zipatazo kumi kwenda na nyingine kumi kurudi. Kila ninapomshauri mtu aache kugombania daladala alfajiri na ajaribu baiskeli, jibu ninalopewa ni lile lile: Mbeya ni milima, baiskeli waachiwe watu wa Shinyanga. Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu na siwezi tena kulikubali. Wanaoshindwa na baiskeli hapa kwetu hawashindwi na mlima. Wanashindwa kwa sababu wanaupanda mlima kwa chombo kilichofungwa kwa ajili ya tambarare, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kinaweza kufungwa vingine.

Baiskeli niliyoanza nayo ni ile ambayo karibu kila nyumba imewahi kuwa nayo: fremu nyeusi, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma, keria pana nyuma. Ni baiskeli imara na sina neno baya juu ya uimara wake. Kutoka Uyole kupitia Sae, Soweto na Mwanjelwa nilikwenda nayo vizuri, lakini nilipofika Mafiati na kuiacha barabara kuu ya TANZAM, iendayo Zambia, ili nipande kuelekea mjini, chini ya Mlima Loleza, nilikuwa nashuka kila siku na kuisukuma, huku wanafunzi wangu wakinipita kwa miguu na kuniamkia. Niliamini kwamba umri umenikuta.

Aliyenitoa katika imani hiyo ni fundi mmoja wa Sae, kijana anayelingana na mwanangu wa pili. Nilimpelekea baiskeli kwa ajili ya pancha, naye akaniuliza kwa nini soli ya kiatu changu cha kushoto imelika kuliko ya kulia. Nikamweleza habari ya kusukuma. Akaigeuza baiskeli miguu juu, akaweka alama ya chaki kwenye jino moja la gia ya mbele, akaanza kuhesabu taratibu kwa kidole. Kisha akafanya hivyo hivyo nyuma. "Mwalimu," akasema, "mbele una arobaini na nne, nyuma kumi na nane. Hii ni baiskeli ya kwenda shambani Usangu, kwenye tambarare. Miguu yako haina tatizo, tatizo ni meno."

Ningependa wasomaji wayaelewe maneno hayo, kwa maana hesabu yake ni ya darasa la sita. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja husogea takriban mita 2.2. Ukiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, kila mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza karibu mita 5.4, na mlimani kila moja ya mita hizo unailipia kwa goti. Ukiitoa friwili, yaani gia ya nyuma, ya meno 18 na kufunga ya meno 22, mzunguko ule ule wa pedali unakusogeza mita 4.4 tu. Unakwenda polepole zaidi, ndiyo, lakini mzigo unaobebwa na mguu katika kila kukanyaga unapungua kwa karibu moja ya tano, na tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mtu afike juu akiwa bado amekaa kwenye kiti. Kazi yenyewe haikumaliza saa moja: friwili ya zamani ilifunguliwa, mpya ikafungwa, mnyororo ukaongezwa pingili mbili, gurudumu likavutwa nyuma kidogo, basi. Sehemu tambarare ya pale Mwanjelwa sasa nazungusha miguu haraka zaidi kuliko zamani, na hiyo ndiyo hasara yote niliyoipata. Tangu siku ile sijaisukuma baiskeli kupanda mjini, isipokuwa nilipokuwa naumwa.

Kupanda kukishatatuliwa, kuna kushuka, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au zaidi, na mara nyingi hunyesha alasiri, saa ambayo wafanyakazi na wanafunzi wanarudi nyumbani. Jioni moja ya mwezi Machi nilikuwa nateremka kuelekea Mafiati mvua ikinyesha, bajaji moja ikasimama ghafla mbele yangu kushusha abiria. Nikabana breki zote mbili kwa nguvu zangu zote. Hakuna kilichotokea. Raba ziliteleza juu ya ringi kama sabuni juu ya kigae, na nilipona kwa sababu tu upande wa kushoto palikuwa na mtaro wenye nyasi, nikaelekeza usukani huko na kuanguka. Daftari za darasa zima zililowa.

Kosa halikuwa la fundi wala la raba. Ringi ya chuma kilichopakwa kromu inayong'aa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusimamisha gurudumu inapolowa, na kuibadilishia raba hakuleti nafuu ya maana. Ringi ya alumini hushikwa na raba vizuri zaidi wakati wa mvua, na breki iliyofungiwa ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ambayo raba yake haiguswi na maji, haijali mvua kwa kiasi kikubwa. Kwa kuwa breki za vyuma za baiskeli yangu zilikuwa zinabana ringi kwa upande wa ndani, nisingeweza kubadilisha ringi bila kubadilisha na mfumo wote wa breki. Nilipopiga hesabu nikaona ni afadhali kumwachia mdogo wangu aliyeko Mbarali baiskeli ile na kununua ya mtumba kutoka Japani, ambayo ilikuwa na ringi za alumini, breki ya ndani nyuma, na gia tatu zilizofichwa ndani ya habu. Gia ya kwanza ya habu za namna hiyo hupunguza uzito wa kukanyaga kwa takriban robo ukilinganisha na ya pili, na kwa kuwa mashine yake yote imefungiwa ndani, haipigwi na vumbi wala tope. Asiye na uwezo wa kubadilisha baiskeli leo basi ajifunze angalau hili: kwenye mteremko wa mvua, gusa breki kidogo kidogo tangu juu ili raba ziwe zinafuta maji kwenye ringi, wala usingoje hadi uhitaji kusimama.

Baiskeli hizo za mtumba zina mtego wake, nami niliingia ndani yake mzima mzima. Tairi la nyuma lilipochakaa nilikwenda dukani nikaomba tairi la inchi 26, kwa sababu ndivyo lilivyoandikwa la zamani. Nikauziwa tairi la inchi 26. Fundi alihangaika nalo hadi jua likazama, halikukaa kwenye ringi. Siku ya pili ndipo tulipoyasoma maandishi madogo ya ubavuni: la zamani liliandikwa 37-590, jipya 50-559. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali linapokaa kwenye ringi, na milimita 590 haziwezi kamwe kuwa 559, hata kama yote mawili yanaitwa inchi 26. Muuzaji hakukubali kulirudisha. Tangu hapo ninaibeba ile namba ya pili kwenye karatasi ndani ya pochi, na ninamsihi kila mwenye baiskeli afanye hivyo.

Kuhusu kiti sitasema mengi. Wengi hukiweka chini mno ili miguu yote miwili ifike ardhini wakisimama, kisha wanalalamika kuumwa magoti. Kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjwa kidogo tu.

Taa ni jambo ambalo hatulipi uzito wake, na nadhani ni kwa sababu tunazungumza kana kwamba jua la Mbeya huchomoza saa ile ile linayochomoza Dar es Salaam. Sisi tuko magharibi zaidi, kwa hiyo mwezi Juni na Julai jua huchomoza hapa karibu saa moja asubuhi, wakati mwalimu, muuguzi na mlinzi wameshaondoka nyumbani zamani, na mara nyingi kuna ukungu juu yake. Dainamo ya zamani inayosuguana na tairi ni bora kuliko giza, lakini inaongeza uzito wa kukanyaga, huteleza tairi likilowa, na huzimika kabisa unaposimama, yaani pale pale katikati ya njia unaposubiri malori yapite. Mimi natumia taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, zote za betri ya kuchaji, na nimebandika vipande vya karatasi inayoakisi mwanga kwenye madigadi na kwenye fito za keria. Msimu huo wa baridi huhitaji pia glovu. Si urembo: vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kubana breki, na nimewahi kuteremka asubuhi ya Julai nikiutazama mkono wangu usiotii.

Mzigo usibebwe mgongoni. Nimefunga kreti tupu ya soda juu ya keria kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, na ndani yake huingia daftari, koti la mvua, chakula cha mchana na, wakati wa kurudi, viazi au ndizi za Tukuyu kutoka soko la Mwanjelwa. Madigadi marefu yanayofika karibu na ardhi ni lazima kwa mtu anayetaka kuingia ofisini akiwa na suruali safi. Baiskeli nyingi za michezo zinazouzwa sasa hazina kabisa, na waliozinunua kwa ajili ya kazi hulijua kosa hilo mvua ya kwanza inapowachora mstari wa tope mgongoni.

Na mnyororo, tafadhali, usipakwe oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Najua ni ya bure. Lakini ina chembechembe za chuma na masizi, na ikichanganyika na vumbi la barabara yetu inayopanuliwa kuwa njia nne, inakuwa kama msasa unaokula meno yale yale uliyoyanunua ili upande mlima. Futa mnyororo kwa kitambaa kila Jumamosi, tia tone moja la oili safi kwenye kila pingili, kisha futa tena ya juu. Chukua futi ya fundi cherehani upime: pingili 24 za mnyororo mpya ni inchi 12 kamili, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Zikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo mapema kabla haujaiharibu friwili, ambayo ni ghali zaidi.

Ndugu Mhariri, nimeandika kwa kirefu kwa sababu mambo haya yote nimeyajua kwa kuuliza, kwa kuanguka na kwa kupoteza fedha, ilhali yangeweza kusemwa na muuzaji kwa dakika tano siku ya kwanza. Kwa hiyo ombi langu linaelekezwa kwa wafanyabiashara wa baiskeli na vipuri wa Mbeya, Iringa, Njombe na Tukuyu. Mnapokwenda kuchukua mzigo, msilete friwili za meno 18 peke yake. Leteni na za 20 na 22, maana ndugu zetu wanaopanda kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini wanazihitaji kama sisi. Leteni ringi za alumini pamoja na breki zake. Mnunuzi akisema tu "inchi 26", mwombeni kwanza awasomee namba ya ubavuni. Na kabla ya kumkabidhi mtu baiskeli, muulizeni anaishi wapi na anafanya kazi wapi, kwa sababu wa Uyole na wa Usangu hawahitaji meno sawa.

Nilimweleza ombi hili yule fundi wa Sae. Aliagiza friwili sita za meno 22 kwa fedha zake mwenyewe, akazitundika kwenye msumari mlangoni. Nilipopita Jumamosi zilikuwa zimebaki mbili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu,
Uyole, Mbeya