Darasa limehamia Jumapili

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi ukumbi umechukuliwa na watu wa sendofu, kwa hiyo darasa letu la Kiingereza litakuwa Jumapili, saa 10 kamili jioni, palepale.

Safari hii ni maneno yenye "port", kutoka Kilatini "portare", yaani kubeba. "Import" ni kuleta ndani, "export" ni kupeleka nje, "portable" ni kinachobebeka. "Report" ni kurudi na habari, ndiyo ripoti yetu ya kila siku! Ila msizoe kila kitu: "portion" na "portrait" zina herufi hizohizo, lakini asili yake ni nyingine kabisa. Mimi mwenyewe "portion" iliniponza siku nyingi.

1. Kila mtu aje na maneno matatu ya "port" na sentensi zake. Hayo ya juu yameshachukuliwa, msinirudishie.
2. Mchango wa kutoa kopi ni shilingi 1,000, mtumieni mweka hazina.
3. Mwenye kamusi kubwa aje nayo.

Tafadhali jibuni NIPO au SIPO kabla ya Ijumaa saa 2 usiku, nijue nitoe kopi ngapi. Asanteni sana.