Seva inayochelewa hadi saa nne asubuhi

Mteja wetu mmoja anauza dawa kwa jumla. Seva yake hutuma meseji kwa maduka anayoyadai, na aliagiza zisitoke kabla ya saa mbili asubuhi, watu wasiamshwe na habari za madeni. Zikawa zinatoka saa nne kamili, kila siku. Ikalaumiwa kampuni ya meseji, ikalaumiwa intaneti, hata saa ya seva ikarekebishwa mara mbili ilhali haikuwa na kosa.

Kosa lilikuwa kwenye mstari huu wa skripti (faili la maagizo) ya Bash, programu inayotekeleza amri kwenye seva:

`if [[ $(date +%H) -ge 8 ]]; then`

Maana yake: ikishafika 8, yaani saa mbili yetu ya asubuhi, anza kazi. Lakini amri ya date haitoi 8, hutoa 08. Na Bash, kwa desturi iliyorithiwa kutoka lugha ya C, namba ikianza na sifuri huihesabu kwa kizio cha nane, ambako tarakimu zinaishia 7. Hivyo 07 hupita salama, ila 08 na 09 kwake si namba. Inalalamika, inachukulia kwamba jibu ni "hapana", kisha inasonga mbele kana kwamba hakuna kitu. Ikifika 10 sifuri haipo tena, na meseji zinatoka. Malalamiko yenyewe yalikuwa yakiingia kila asubuhi kwenye sanduku la barua la seva, ambalo pale ofisini hakuna aliyejua kuwa lipo.

Mtego huohuo uko kwenye tarehe 8 na 9, na kwenye miezi ya Agosti na Septemba. Skripti iliyoandikwa Januari inaweza kukaa miezi saba bila kukohoa.

Wateja hutuuliza kama hii ni hitilafu ya Bash. Hapana, mwongozo wake unaieleza. Hitilafu ya kweli ilikuwa Shellshock ya Septemba 2014, iliyomwezesha mtu wa nje kupenyeza amri zake kwenye seva, na ile ilizibwa kwa sasisho. Hii ya sifuri usiisubirie sasisho.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba ukiweka mabano mraba ya [ ] badala ya [[ ]], Bash ileile inaisoma 08 kuwa nane. Zsh nayo, programu ya aina ya Bash ambayo ndiyo chaguo-msingi kwenye kompyuta za Mac tangu 2019, inakubali. Kwa hiyo fundi anayejaribu hesabu hiyo kwenye Mac yake atakwambia "kwangu inafanya kazi", na hasemi uongo.

Dawa ni kuitajia Bash kizio cha kumi:

`if (( 10#$(date +%H) >= 8 )); then`

Skripti ikija kwetu tunaipitisha kwanza kwenye ShellCheck, programu ya kukagua skripti, inayokamata mambo kama alama za nukuu zilizosahauliwa, ambazo hufanya faili liitwalo "Ankara Machi.pdf" lisomwe kama mafaili mawili. Kisha tunaiendesha kwa saa zote 24 na tarehe za mwaka mzima za kuigiza. Malalamiko tunayaelekeza kwenye simu ya mtu.

Leo fungua skripti zako utafute `%H` (saa), `%d` (siku) na `%m` (mwezi). Ukikuta hesabu pembeni yake bila `10#`, tutumie tuitazame. Ila futa nywila kwanza, wengi husahau.