Mchoro upelekwe karakana kabla ya kupewa alama

Mhariri,

Mwandishi wenu anashauri vyuo vya jamii vinavyofundisha uchoraji na usanifu wa kihandisi vipunguze saa za karakana, kwa hoja kwamba siku hizi mchoraji hahitaji zaidi ya kompyuta na programu. Nilisoma kozi hiyo kwa miaka 2, jioni baada ya kazi. Sikubaliani naye.

Muhula wa kwanza nilichora kipande cha alumini chenye kishimo cha mstatili katikati, kisichotokeza upande wa pili. Kona zake nne za ndani nilizipa nyuzi 90 kamili, kali kama wembe. Programu haikuguna. Iliuzungusha mchoro kwenye kioo, ikautia vivuli, nami nikajiona mhandisi. Hata mwalimu alinipa alama nzuri.

Fundi wa karakana aliutazama mara moja tu. "Kona hizi nizichonge kwa meno ya panya?"

Kisu cha mashine yake ni cha duara na hukata kwa kuzunguka, kwa hiyo hakiwezi kuacha kona kali ndani ya kishimo. Cha kipenyo cha milimita 10 huacha tao la milimita 5, hakina ujanja. Ningeandika R6 pale, yaani tao la milimita 6, kisu kingepata nafasi ya kugeuka bila kukwama. Kona kali inawezekana kwa kuchoma chuma kwa cheche za umeme, lakini nani alipie gharama hiyo kwa kona ambayo haishiki kitu?

Toleransi, yaani kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kupotoka, ndiyo balaa zaidi. Mwanafunzi anaona H7, alama ya toleransi finyu ya shimo, kwenye mchoro wa mwenzake, naye anaibandika kwenye kila shimo, maana inapendeza. Kwa shimo la milimita 20, H7 inamtaka fundi asishuke chini ya 20.000 wala asipite 20.021. Hapo drili peke yake haitoshi. Shimo litamaliziwa kwa kifaa kingine na kupimwa tena na tena. Kama ni la kupitisha bolti tu, umemtesa bure.

Sililii meza za kuchorea. AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, ilipotoka mwaka 1982 ilileta nafuu ya kweli, na sitaki mtu arudishwe kufuta wino kwa wembe. Ila programu inajua jiometri, haijui kisu.

Pendekezo langu kwa vyuo ni hili: mchoro mmoja wa kila muhula apewe mwanafunzi mwingine autengeneze, bila ruhusa ya kumuuliza aliyeuchora. Kila swali ambalo karatasi haikulijibu limpunguzie mchoraji alama. Mashine zikiwa chache, wakate mbao au plastiki. Hapo ndipo utamwona aliyesahau kuonyesha kama ametumia pembe ya kwanza au ya tatu (njia mbili za kupanga sura za kitu kwenye karatasi) akiletewa kipande kilichogeuka kushoto kulia, kama kwenye kioo cha kujitazamia. Hatasahau tena.

Mchoro wangu niliurudia usiku uleule. Kesho yake fundi aliusoma kimya, akafunga alumini kwenye jiliwa, akawasha mashine.

Mhitimu wa chuo cha jamii