Kabla ya kubishana duka au mtandao, itazameni bidhaa yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie ubishi usiokwisha kati ya wanaonunua mtandaoni na wale ambao pesa yao haitoki mpaka mkono uguse kitu. Pande zote mbili zinagombania mahali pa kununulia, wakati jibu limo ndani ya bidhaa. Sisi ambao kazi yetu ni kukagua mizigo inayorudishwa na wateja tuna swali moja la kuanzia: kitu hiki kinaweza kuelezwa chote kwa namba? Kama kinaweza, mtandao unatosha, na mara nyingi unalishinda duka. Kama mwamuzi ni mguu, mgongo, pua au jicho, nenda dukani.

Chukua beringi. Iliyoandikwa 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje milimita 47 na unene milimita 14, awe ameitengeneza nani. Herufi zinazofuata zinaeleza kinga yake: ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili, 2RS ni vya mpira. Ukishaisoma namba hiyo kwenye beringi iliyochakaa, hakuna tena cha kupapasa. Balbu nayo ni hivyohivyo: E27 ni ya kuzungusha, yenye kitako cha milimita 27, na B22 ni ya pini mbili, milimita 22. Vitu vya namna hii kuvifuata dukani ni kupoteza nauli.

Chaja ya kompyuta mpakato pia inanunulika bila kuiona, mradi usome mambo matatu kwenye kibandiko cha ile ya zamani. Watu wengi husoma moja. Volti lazima zilingane. Ampea ziwe sawa au zaidi, kwa sababu kompyuta huvuta kiasi inachohitaji tu. Chaja ya ampea 4.74 inaifaa kompyuta iliyokuja na ya 3.42, lakini ukigeuza, chaja ndogo itachemka au itajizima. La tatu ndilo linalorudisha chaja nyingi: kichwa chake. Vipo vya milimita 5.5 kwa 2.5 na vya 5.5 kwa 2.1, yaani kipenyo cha nje kwa kipenyo cha tundu, na kwenye picha ni mapacha. Chenye tundu la 2.1 hakiingii kwenye pini ya 2.5. Chenye tundu la 2.5 kinaingia kwenye pini ya 2.1, mteja anafurahi, kisha kinaanza kucheza: ukiisogeza kompyuta kidogo moto unakatika, na pini inaungua polepole. Kama tangazo halitaji vipimo hivyo viwili, muulize muuzaji au achana nalo.

Kwa bidhaa inayotoka nchi nyingine, tazama umeme wake. Kuna nchi zinazotumia volti 110 hadi 120 na nyingine 220 hadi 240. Chaja nyingi za simu zimeandikwa 100–240V, 50/60Hz, hizo hazina shida popote. Pasi, birika na mashine ya kukaushia nywele ndizo hatari. Kifaa cha joto kilichoundwa kwa volti 120 ukikichomeka kwenye 240, nguvu haiwi mara mbili bali mara nne, kwa kuwa volti zinapozidi na mkondo nao unazidi. Hapo hakuna waranti ya kukuokoa.

Sasa, namba zenyewe nazo husema uongo, na hapa wengi huingizwa mjini. Pawabenki ndiyo bingwa. Ndani ya nyingi kuna betri za duara ziitwazo 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Betri moja ya aina hiyo, hata iwe nzuri namna gani, hubeba takribani mAh 3,500 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) na ina uzito wa karibu gramu 45 hadi 50. Pawabenki ya mAh 20,000 inahitaji betri sita hivi. Betri peke yake zinakaribia gramu 280, bado boksi na saketi. Basi tangazo likikuambia mAh 20,000 na chini kabisa, kwenye jedwali la vipimo, uzito ukaandikwa gramu 150, umeshapata jibu kabla ya kulipa. Walaghai wengi huongeza uwezo na kusahau uzito, maana uzito ndio unaotumika kukokotoa gharama ya kusafirisha na wakiuongeza wanaumia wao. Mimi huanza kusoma tangazo lolote la betri kwenye mstari huo.

Ila tusiwaonee wauzaji waaminifu. Pawabenki halisi ya mAh 10,000 haitoi mAh 10,000 kwenye simu. Betri yake hukaa kwenye volti 3.7, na tundu la USB hutoa 5. Zidisha 10,000 kwa 3.7, gawa kwa 5: unabaki na 7,400, kisha saketi inakula sehemu yake na simu inapata kama 6,000 na kitu. Vivyo hivyo diski ya TB 1 inapoonyesha GB 931 kwenye Windows. Kiwanda huhesabu baiti trilioni moja kamili, Windows hugawa kwa 1,024 mara tatu. Diski hizo hurudishwa kwa hasira, na hazina kosa lolote.

Flashi na memori kadi bandia ni habari nyingine. Ndani yake kuna chipu ya GB 16 au 32, na kidhibiti kimefundishwa kuiambia kompyuta kwamba kuna TB 2. Faili za mwanzo zinaingia vizuri, ndiyo maana muuzaji hupata nyota tano siku ya kwanza. Nafasi halisi ikijaa, data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani au inapotea kabisa. Majina ya faili yanabaki, picha hazifunguki. Kuitazama hakusaidii, iwe umeinunua dukani au mtandaoni. Dawa ni kuijaza yote na kuisoma tena kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac, siku ileile inapofika, hata kama itachukua saa kadhaa. Ukingoja hadi muda wa kurudisha upite, umeumia.

Nije kwenye mwili. Viatu ndivyo vinavyotuletea mzigo mkubwa wa marejesho, na sababu yake inajulikana. Namba ya Ulaya ni urefu wa kalibu, yaani umbo la mguu ambalo kiatu huundwa juu yake, kwa sentimita, ukazidishwa kwa 1.5. Kwa hiyo 42 ni kalibu ya sentimita 28, wakati mguu unaoingia humo ni kama 26.5, maana vidole vinahitaji nafasi mbele. Hatua moja ya Ulaya ni milimita 6.67, ya Uingereza ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5. Ngazi hizo mbili haziwezi kulingana, kila kiwanda kinakadiria chake, na jedwali la tovuti moja halifai kwa nyingine. Pima mguu jioni, wakati umevimba kidogo. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama kwa uzito wako wote kisigino kikigusa ukuta, mtu mwingine aweke alama kwa penseli iliyosimama wima mbele ya kidole kirefu. Pima miguu yote miwili, uchukue mrefu. Kipimo hicho cha sentimita ndicho cha kulinganisha na tangazo.

Hata hivyo, upana na kimo cha unyayo havimo kwenye kipimo hicho. Ushauri wangu ni kwamba jozi ya kwanza ya toleo lolote uivae dukani na kutembea nayo. Jozi ya pili ya toleo lilelile agiza popote unapoona nafuu.

Nguo ni rahisi kidogo. Usipime mwili, pima shati lako linalokukaa vizuri, lilaze juu ya meza, kutoka kwapa hadi kwapa, ulinganishe na tangazo. Tafuta pia uzito wa kitambaa. Fulana ya kawaida ni gramu 150 hadi 180 kwa mita ya mraba; ikishuka chini ya 130 tarajia mwanga kupenya. Rangi usiiamini skrini, wala taa za dukani. Ukiwa dukani, toka na kitambaa hadi mlangoni kwenye mwanga wa jua.

Maana dukani nako kuna mitego yake, na wanaosema "nimeona kwa macho yangu" hunishangaza. Televisheni zilizopangwa ukutani huwa zimewekwa kwenye hali ya maonyesho, mwangaza umepandishwa hadi mwisho. Mwambie muuzaji aiweke kwenye hali ya nyumbani ndipo uilinganishe. Simu uliyoijaribu mezani si ile iliyomo kwenye boksi utakalobeba. Lifunguliwe mbele yako, piga *#06#, na tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, zilingane na zile za kwenye boksi. Friji ifunge mlango ukibana karatasi. Ukiivuta karatasi ikachomoka bila kuzuiwa, mpira haukazi, na ujaribu pande zote nne. Godoro lilalie ubavu unaolalia kwako kwa dakika 10 au 15, viatu ukiwa umevua, bila haya. Hakuna namba inayoeleza godoro.

Gharama nazo watu huzikokotoa nusu. Wasafirishaji wa ndege hutoza uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Fomula inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Boksi la mito lenye sentimita 60 kwa 40 kwa 30 linatozwa kilo 14.4 hata kama mito yenyewe ina kilo 2. Na forodha katika nchi nyingi hukokotoa ushuru juu ya bei, bima na usafiri vikijumlishwa, si bei ya bidhaa pekee. Kikubwa cha bei ndogo kinunue karibu. Kidogo cha bei kubwa ndicho kinachobeba safari. Na kabla ya kulipa tafuta ni nani anayegharimia kurudisha. "Unaweza kurudisha ndani ya siku 30" haimaanishi bure.

Katika Umoja wa Ulaya sheria humpa anayenunua kwa mbali siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu, kwa hoja kwamba hakupata nafasi ya kukishika kitu. Anayenunua dukani hana haki hiyo kwa sheria hiyo. Akibadili nia anategemea hisani ya duka. Nguo ya kushonwa kwa vipimo vyako na kipodozi kilichofunguliwa haviingii. Kwingineko sheria zinatofautiana, kwa hiyo masharti ya muuzaji yasomwe kabla, na upige picha ya ukurasa huo, kwani hubadilika.

Maoni ya wanunuzi yasome kuanzia nyota mbili na tatu, ukiyapanga ya karibuni yatangulie. Nyota tano nyingi za wiki moja ni dalili mbaya. Mbaya zaidi ni maoni yanayosifia vikombe kwenye tangazo la vipaza sauti: muuzaji amechukua ukurasa wa zamani wenye sifa akabadilisha bidhaa. Alama ya kufuli kwenye kivinjari nayo isikupumbaze. Inasema mawasiliano yamefungwa, haisemi upande wa pili ni mwaminifu. Na muuzaji akikuomba mtoke nje ya jukwaa, yaani tovuti au programu mnayouziana, mlipane pembeni kwa punguzo, ulinzi wote unabaki ndani ya jukwaa na pesa yako iko nje.

Mzigo ukifika, rekodi video moja isiyokatwa: pande zote sita za kifurushi, kibandiko chenye namba ya safari, kisha kufungua hadi kifaa kuwaka. Kabla ya kisu, weka kifurushi kwenye mzani wa jikoni ndani ya video hiyohiyo. Kuna walaghai wanaotuma bahasha yenye kipande cha kitambaa ili rekodi zionyeshe "imepokelewa" na madai yako yakwame. Kama uliagiza kifaa cha kilo 1.2 na mzani unasoma gramu 80, usithibitishe kupokea wala usikubali muuzaji akikuomba usubiri kidogo. Fungua madai siku hiyohiyo ukiambatanisha video, kwa sababu mara nyingi saa ya madai inahesabu tangu mzigo uliposomwa kuwa umefika, si tangu ulipoufungua.

Wako,
Msomaji, mkaguzi wa marejesho