Asante kwa sanduku la kufuli tatu

Kwako uliyewaketisha wakimbizi na wenyeji kwenye kikundi kimoja cha kuweka na kukopa: asante sana. Ulisisitiza wanachama wasizidi 25, kila mmoja aweke akiba kwa kununua hisa 1 hadi 5 kila kikao, mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mtu. Funguo za sanduku la fedha za kikundi ukataka washike watu watatu, wakimbizi na wenyeji, asiwemo mtunza sanduku. Nalo lifunguliwe mbele ya wote tu. Shaka zikaisha. Tunakushukuru zaidi kwa kukataza mikopo mipya wiki za mwisho wa mzunguko, yaani kipindi cha kuweka akiba kabla ya kugawana. Vikundi vingine huvunjikia hapo: siku ya mgao inafika, fedha bado ziko mikononi mwa wakopaji. Mungu akubariki popote ulipo.